Chuo, kiwanda au uanzishe chako: nani atakulipa wakati unasubiri siku 28?

Mwezi wa tatu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alinitumia picha mbili WhatsApp saa tano usiku bila hata salamu. Moja barua ya kukubaliwa masta pale Nelson Mandela Arusha, nyingine barua ya kuanza kazi ya mafunzo kwenye maabara ya kiwanda cha simenti, mkataba mwaka mmoja. Chini kaandika "kaka nichukue ipi". Sijajibu ikaingia voisi noti ya dakika nne, kwamba kuna mshikaji wao waliyesoma naye kemia kanunua mashine ya kuyeyusha plastiki na anatafuta mtu waingie ubia watengeneze pevingi. Kwa hiyo barua mbili lakini njia tatu, na bahati nzuri au mbaya mi nimezipita zote tatu, tena kwa mpangilio mbovu: nilianza na chuo nikanusurika, nikaja plastiki ikanila hela, nikaishia kiwandani ambako ndo ninakula mpaka leo. Niliyomwambia yalikuwa marefu nikaona niyaweke hapa maana naulizwa hili swali kila msimu wa mahafali.

Nianze na hizo siku 28, sio kila anayesoma hapa kapita maabara ya zege. Unachanganya simenti, mchanga, kokoto na hicho kitu chako kipya, unajaza kwenye boksi la chuma la sentimita 15 kila upande, kesho yake unafungua, unaizamisha sampo kwenye tanki la maji unakaa unasubiri. Nyingine unavunja siku ya 7 upate dalili, ila jibu lenyewe ni la siku ya 28. Hata ile 32.5 na 42.5 kwenye mfuko wa simenti ndo hiyohiyo, ni nguvu ya siku ya 28 (na mafundi wanaodharau 32.5 wakisema ni feki, hapana jamani, hiyo ni ya kujengea ukuta na kupiga plasta, we usiimwagie nguzo za ghorofa halafu ulalamike). Ukikosea kipimo leo utajua mwezi ujao. Na mtu wa plastiki za kuoza ndo kabisa, kwa vipimo kama EN 13432 cha Ulaya kitu chake kinatakiwa kiwe kimeliwa na vijidudu kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6 kwenye mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi, yaani anaweka sampo wakati wa masika anavuna jibu wakati wa vuli.

Hii kazi ni ya kusubiri. Ndo maana swali nililomrudishia mdogo wangu ni moja tu, nani atakulipa wakati unasubiri, na akikulipa atakuvumilia muda gani.

Njia ya chuo

Kwenye chuo anayekulipa ni mfadhili, na anakuvumilia kuliko wote. Kwa ukanda wetu vipo vituo vya kweli, sio vya jina: Nelson Mandela pale Tengeru ni chuo cha masta na PhD tu na kina skuli nzima ya vifaa, nishati, maji na mazingira, Moi kule Eldoret wana kituo cha umahiri cha dawa za mimea, nguo na nishati jadidifu, ukiwa mtu wa nyuzinyuzi na vitambaa pale ni kwenu, na UDSM wahandisi na wakemia wake wapo siku zote. Faida kubwa ya chuo ni kwamba unaruhusiwa kuuliza "kwa nini" mpaka mwisho. Kiwandani hakuna anayekupa wiki tatu za kujua kwa nini, wanataka kujua inafanya kazi au haifanyi.

Mfano wa swali la chuo ambalo nalionea wivu mpaka leo. Simenti inachafua hewa sio tu kwa sababu ya makaa ya mawe, jiwe lenyewe la chokaa ndo tatizo, kilo 100 za chokaa safi ukizichoma zinabaki 56, zile 44 zimepaa kama hewa ukaa, hata tanuru ungeliwasha kwa jua la Dodoma. Ndo maana viwanda vya simenti duniani vinabeba kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Sasa wenzetu wa Uswisi pale chuo cha EPFL wakishirikiana na Wakuba na Wahindi wakaja na mchanganyiko wanauita LC3, klinka (yale mawe yanayotoka tanuruni ambayo yakisagwa ndo simenti) nusu tu, udongo mfinyanzi uliochomwa asilimia 30, chokaa mbichi 15, jasi 5. Udongo unachomwa nyuzi 700 mpaka 850 badala ya 1,450 za klinka, na hewa ukaa inapungua mpaka kama asilimia 40. Udongo unaotakiwa ni wenye kaolini, ule mweupe, na kaolini sisi tunayo Pugu, mtu anapanda daladala anaifuata. Hiyo ni masta yako hapo, na pengine PhD, na jirani yako hana haja ya kujua kwamba umelipwa miaka miwili kuchoma udongo.

Ubaya wa chuo sasa. Mi nilifanya majivu ya pumba za mpunga. Pumba zina silika nyingi, ukizichoma vizuri kati ya nyuzi 500 na 700 unapata majivu yanayoshikana na chokaa ya simenti na kuongeza nguvu, ukizidisha moto silika inageuka fuwele, inalala, haifanyi kitu tena. Nikabeba magunia ya pumba kutoka mashineni Igurusi mpaka chuoni (sitaji chuo gani, na sio hicho cha Tengeru) nikachoma usiku kwa sababu mchana tanuru lina foleni. Umeme ukakatika, ukarudi, kile kidhibiti joto kikaanza upya na akili zake, asubuhi nakuta kinasoma 900 na kitu. Nikajipa moyo. Nikamwaga sampo, siku 28, nguvu ndogo. Nikadhani nimekosea maji, nikarudia, siku 28 nyingine, ndogo vilevile. Supavaiza akasema tupeleke XRD, ile mashine ya kusoma fuwele kwa eksirei, ila yetu ilikuwa mbovu tangu kabla sijaja, ikabidi sampo iende nje ya nchi na mtu aliyekuwa anasafiri. Majibu yakarudi baada ya miezi mitano: fuwele tupu. Na hapo posho ilikuwa imechelewa semista nzima nakaa kwa shemeji.

Kwa hiyo ukichagua chuo usichague jina la chuo, chagua supavaiza na mashine. Watafute waliomaliza chini yake uwaulize miaka walikaa mingapi, sio ile iliyoandikwa kwenye prospektasi, ile waliyokaa. Uliza mashine gani zipo na zinawaka, na sampo zikienda nje nani analipa. Kama bajeti ya vipimo haipo kwenye andiko, hiyo bajeti ni wewe.

Na kwenda nje? Kama unapata nenda tu, sitakudanganya. Erasmus Mundus, ule ufadhili wa masta wa Ulaya, inatoa yuro 1,400 kwa mwezi na ada juu yao, Ujerumani mtu wa PhD mara nyingi anaajiriwa kabisa kwa mkataba kwenye ngazi wanayoiita E13, nusu au robo tatu ya ajira, anakatwa kodi na bima kama mfanyakazi mwingine. Maombi mengi yanafungwa kati ya Oktoba na Januari kwa hiyo anayeanza kutafuta vyeti vyake Februari keshachelewa mwaka. Ila kitu kimoja, ukimwandikia profesa barua ya "I am hardworking and passionate" utaungana na elfu waliomwandikia hivyohivyo asubuhi hiyo. Mwandikie swali kuhusu kifaa chake. Ambayo inatupeleka kwenye njia ya pili, kwa sababu maswali mazuri mi nimeyapata huko.

Njia ya kiwanda

Hapa anayekulipa ni mteja wa mfuko wa simenti, na havumilii hata kidogo, ila analipa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Unaingia kama mkemia wa zamu au fundi maabara, Wazo, Tanga, Mbeya, Mtwara, kwa Wakenya Athi River na Mombasa, kazi ni kuchukua sampo kila baada ya muda fulani mchana na usiku, kusaga, kupima, kupiga simu chumba cha mitambo kuwaambia chokaa imezidi punguzeni. Kuna vumbi, kuna zamu ya usiku, kuna msimamizi ambaye siku yangu ya kwanza aliniuliza nimesoma nini, nikamjibu kwa mbwembwe, akaniambia "mdogo wangu hapa hatufanyi utafiti, hapa tunauza mifuko".

Mwezi wa pili nikamwonyesha fundi mmoja mzee wa maabara, mwenye diploma yake ya zamani, kopo la yale majivu yangu ya pumba nililokuwa nimelibakiza kama kumbukumbu ya maumivu. Akachukua kidogo akayasugua kwa kidole gumba kwenye kiganja, akayaweka kwenye kinu cha mkono akazungusha mara mbili. "Haya mmeyavusha moto kijana. Ona yalivyo meupe, na sikiliza, yanalia kama mchanga." Dakika moja. Mi nilisubiri miezi mitano na sampo ikapanda ndege. Haina maana XRD haina kazi, huwezi kuandika kwenye jarida kwamba mzee alisikiliza, ila kama ningekuwa nimepita kwa yule mzee kwanza nisingepoteza zile sampo mbili za siku 28, ningezimwaga asubuhi ileile.

Halafu kuna ukubwa wa kazi. Chukua kiwanda cha tani milioni 1 kwa mwaka, ukifanikiwa kupunguza klinka kwa pointi moja tu ya asilimia, labda kwa kuongeza pozolana, yale majivu ya volkano yanayochimbwa huko Mbeya na Arusha, umeondoa tani 10,000 za klinka, na kila tani ya klinka inatoa kama tani 0.8 mpaka 0.9 za hewa ukaa. Pointi moja! Hakuna tasnifu ya masta itakayokaa kabatini ikafanya hivyo. Na meneja ataipenda sio kwa sababu ya mazingira, ataipenda kwa sababu klinka ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye mfuko. Ukitaka kuwa mtu wa mazingira kiwandani jifunze kuongea kwa lugha ya gharama, hewa ukaa itapungua yenyewe wakati wao wanashangilia bajeti.

Kasoro zake nazijua vizuri. Data sio yako, umesaini, huwezi kuchapisha bila ruhusa na ruhusa haiji. Mradi wako unategemea meneja aliyepo, akihamishwa mwingine anakuja na tanki zako za sampo zinageuzwa kuwa za kuhifadhia maji ya kunawa. Na kuna hatari ya kuzoea, miaka kumi inapita unajua kiwanda kimoja tu na malighafi yake, ukitoka nje huna lugha.

Sio simenti peke yake. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya rambo, baada ya Wakenya Agosti 2017 na Rwanda tangu 2008, viwanda vya vifungashio vilibadilika ndani ya wiki na ile mifuko mbadala ikajaa sokoni, watu wakaiona kama kitambaa wakaridhika. Ni polipropilini ile, plastiki mtindo mmoja. Faida yake ni kwamba inatumika mara nyingi, sio kwamba inaoza. Na siku hizi kuna vitu vinauzwa vimeandikwa vinaoza, unauliza vinaoza wapi, kwa sababu cheti kinaongelea mtambo wa mboji wa nyuzi 58 na dampo letu sio mtambo wa mboji. Mtu anayeweza kukaa kwenye kiwanda cha vifungashio akasoma cheti cha muuzaji akasema "hiki hakitufai kwa sababu hii na hii" anatafutwa, na wapo wachache mno. Kwenye mkonge ndo usiseme, jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, unabaki na katani kama asilimia 4 tu ya uzito wake, nyingine zote ni maji na masalia, Tanga nzima inanuka swali la utafiti.

Katikati ya chuo na kiwanda kuna taasisi za serikali, TIRDO ya utafiti wa viwanda, TBS ya viwango, wakala wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi pale Mwenge ambao ndo wamesambaza tofali za kufungamana za udongo na simenti kidogo, TARI Mlingano ya mkonge, KIRDI ya utafiti wa viwanda kwa Wakenya. Ukipata ingia, utulivu upo na mashine zipo, ila nafasi zinatoka kwa kudondoka kama tone la bomba bovu na huwezi kupanga maisha kwa kusubiri tangazo la Ajira Portal. Zaidi nenda fildi kule ukiwa mwanafunzi, hasa TBS, ujue cheti kinatolewaje. Hilo peke yake litakuokoa siku ukifungua chako.

Njia ya kuanzisha chako

Picha za njia hii ni nzuri kuliko zote na ndo zinawavuta wengi. Nzambi Matee wa Gjenge Makers Nairobi, pevingi za plastiki na mchanga, mwaka 2020 akapewa tuzo ya vijana na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. EcoAct Dar wanatengeneza mbao na nguzo za plastiki. TexFad Uganda wanatoa nyuzi kwenye shina la mgomba ambalo kila mkulima analitupa, Takataka Plastics wako Gulu, MycoTile Nairobi wanaotesha mizizi ya uyoga kwenye mabaki ya kilimo inakuwa bodi za dari na ukuta. Na ile dau ya Lamu, Flipflopi, mita 9, mafundi wa jahazi kina Ali Skanda waliichonga kwa plastiki tupu wakaifunika kwa vipande vya ndala, mwanzoni mwa 2019 ikatoka Lamu mpaka Zanzibar kwa tanga. Ukitaka kuona fundi wa mkono akiwa mtafiti iangalie ile, hakuna kitabu kilichowaambia plastiki inachongwaje kwa tezo, walijaribu, ikapasuka, wakajaribu tena.

Ila sikiliza. Tofali la plastiki halisubiri siku 28, likipoa limeisha, unaweza kulikanyaga jioni ileile. Kinachosubiriwa huku ni hela ya mteja, na anayekulipa wakati unasubiri ni wewe mwenyewe, au mkeo, au mama. Mi na wenzangu wawili tulikodi uwanja Dar, pipa, jiko, fomu za chuma za kuchomelea. Wiki ya tatu kijana wa kununua chupa alituletea mzigo mchanganyiko na humo kulikuwa na vipande vya mabomba, PVC, hatukuchambua vizuri tukayeyusha vyote. PVC ikipata moto inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki. Macho, kifua, wote watatu tulitoka nje tunakohoa kama tumekunywa pilipili, na jirani akatuletea mjumbe. Mi ndo mkemia wa kundi! Nilijua kabisa PVC inafanya nini, niliisoma mwaka wa pili nikajibu swali la mtihani, ila pale uwanjani ulikuwa mchana, kuna oda, na mkono unafanya haraka kuliko kichwa. Tangu hapo nawaambia watu, mtu wa kuchambua plastiki ndo mtafiti mkuu wenu, mlipeni vizuri kuliko mnavyojilipa.

Kilichotumaliza lakini ni karatasi. Tukapata mteja wa maana, mwenye shule, anataka pevingi uwanja mzima, akaomba cheti cha vipimo. Hatuna. Kwenda kupima kunataka hela na sampo zinazofanana, na zetu hazikufanana, leo mzigo una vifuniko vingi kesho mifuko mingi, kila tanuru lina tabia yake. Kufananisha malighafi ni utafiti wa miezi, na sisi tulikuwa na kodi ya wiki mbili. Ndo nikaelewa kwamba kwenye njia hii ukiwa na kampuni utafiti unaufanya usiku, mchana unafukuzana na wanunuzi wa chupa, fundi wa kuchomelea, TRA na mlinzi.

Kuna njia ya nne mtu ataniuliza, ya ofisini, ripoti za mazingira, hesabu za hewa ukaa, tathmini ya athari kwa mamlaka za mazingira NEMC au NEMA, cheti cha EDGE cha majengo ya kijani. Inalipa mapema kuliko zote na inazidi kukua, Kenya kanuni zao za 2024 zinamtaka mzalishaji awajibike na vifungashio vyake mpaka vinapoishia, Ulaya nako tangu Januari 2026 wanatoza kaboni kwenye simenti, chuma na aluminiamu zinazoingia kwao, kwa hiyo watu wa kupiga hizo hesabu wanahitajika, na programu ya openLCA ni ya bure unaweza kuanza kujifunza leo usiku. Ila huo sio utafiti wa vifaa, ni kuhesabu vifaa vya wengine. Mi siipondi. Nimeona tu ripoti nyingi ambazo aliyeandika hajawahi kushika sampo yenyewe, namba ameichukua kwenye database ya Ulaya akaipachika kwenye tofali la Mbagala.

Sasa ziweke pamoja

Hela ya mwezi wa kwanza: kiwanda kinaongoza, chuo kinafuata kama posho inatoka, chako ni hasi. Hela ya mwaka wa kumi sijui nani anaongoza ila najua waliovuka wote walikuwa na njia mbili kati ya tatu. Mashine za kisasa: chuo kwenye karatasi, kiwanda kwenye uhalisia, kwa sababu mashine ya kiwanda ikifa asubuhi mchana fundi keshapanda ndege, ya chuo inasubiri mwaka wa fedha. Jina na kusafiri: chuo, hakuna ubishi. Kujifunza haraka: kiwanda, sababu unakosea mara tatu kwa siku na unajua palepale. Uhuru: watu wanasema biashara, mi nasema chuo, biashara ina mabosi wengi kuliko kiwanda ni vile tu wanaitwa wateja.

Kama una bodi ya mikopo inakusubiri ikukate asilimia 15 ya mshahara na una wadogo wawili sekondari, usiende masta isiyo na ufadhili, hata ikiwa ya ndoto zako, nenda kiwandani. Kama una mtoto mchanga uliza zamu ya usiku kabla ya kuuliza mshahara, wapo wadada wakali wa maabara nimeona wameacha kazi kwa hilo tu na hakuna aliyewaambia mapema. Kama GPA imenyooka, umri chini ya 25 na ufadhili kamili upo mkononi, barua imesainiwa, basi kamata chuo, kiwanda hakihami. Kama una diploma usijione mdogo, rudi kasome kile kipande cha yule mzee. Na kama ni biashara, ingia siku ambayo una mtu wa kukuletea malighafi inayofanana na mtu mmoja aliyelipa nusu kabla, vikikosekana hivyo viwili we ni mfadhili, sio mjasiriamali.

Mdogo wangu nikamwambia mpangilio wangu ungekuwa kiwanda miaka miwili, halafu chuo ukiwa na swali lako mfukoni, na huyo wa plastiki mwambie utamshauri jumapili bila kuweka hela. Baba mdogo hakufurahi, yeye anataka kuitwa baba wa daktari na alishaanza kutangaza msikitini. Akanipigia, "sasa we msomi unamrudisha mwenzako kwenye vumbi?" Nikamwambia baba, shikamoo kwanza. Mdogo wangu akaandika chuoni kuomba kuahirisha mwaka, wakamkubalia, sikutegemea kama wangekubali kirahisi vile.

Wiki iliyopita saa nane usiku simu ikaita, ni yeye yuko zamu, nasikia mitambo nyuma yake. "Kaka samahani, sampo nikiichoma inapoteza uzito kupita kiasi, mara mbili mfululizo, namuamsha nani?" Nikamwambia usimwamshe mtu bado, kaangalie fida ya chokaa kwanza (ile mashine inayolisha chokaa kwenye mtambo). Akakata. Baada ya dakika ishirini ikaingia meseji moja tu, "ilikuwa fida".